Fomu ya bima inataka tuape, na aya ya nne inanikosesha usingizi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mtwara mjini, karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Mwaka wa nane huu naishi na baba watoto wangu bila ndoa. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la kwanza, mdogo ana miaka minne. Yeye ni fundi magari wa kujitegemea, hana bima yake. Ana kisukari, na presha ikafuatia, kwa hiyo kliniki haikwepeki. Vipimo na dawa zote zinalipiwa na bima ya kazini kwangu, ambako jina lake limeandikwa kama mwenza wangu.

Sasa ofisi ya rasilimali watu imetangaza uhakiki wa wategemezi, mwisho ni mwisho wa mwezi ujao. Mwenye cheti cha ndoa apeleke. Asiye nacho anapewa fomu ya kiapo ya kujaza yeye na mwenzake mbele ya wakili au hakimu, iambatane na barua ya serikali ya mtaa na uthibitisho wa kuishi pamoja miaka miwili au zaidi. Aya ya pili ya kiapo inasema tunaishi kama mume na mke. Ya tatu inasema jamii inatutambua hivyo. Hapo sina neno. Aya ya nne inasema, "Hakuna kati yetu aliye na ndoa nyingine inayoendelea."

Shangazi, kabla yangu huyu bwana alioa Tandahimba, ndoa ya Kiislamu. Hawakudumu. Anasema alitoa talaka mbele ya wazee na yule mama akarudi kwao. Karatasi hakuna, na hawajawahi kufika mahakamani wala baraza lolote. Nikimuuliza ananijibu, "Talaka ni talaka. Halafu wewe na mimi tumeshapita miaka miwili, kisheria ni mke wangu. Saini, mambo yaishe."

Kuna la pili. Nilipoajiriwa nilijaza "nimeolewa" kwenye fomu ya taarifa za mfanyakazi. Hakuna aliyeniuliza cheti. Sasa naogopa nikisema ukweli wataniambia niliwadanganya, na wataanza kunidai hela za matibabu yote ya nyuma. Mwenzangu kazini ananiambia yupo mtu wa kututengenezea cheti cha ndoa chenye tarehe ya zamani, kwa hela kidogo tu.

Na la tatu. Mjomba wangu yuko Newala, na kwetu yeye ndiye mwenye kauli. Anasema hamjui mtu ambaye hajaleta barua ya posa. Nikimwambia baba watoto twende bomani tufunge ndoa kabla ya uhakiki, naogopa atakubali kwa ajili ya dawa. Na akikataa nitakuwa nimepata jibu nililolikwepa miaka yote hii. Pia nina kiwanja Mangamba nilichonunua kwa jina langu kwa mkopo wa kazini. Nisaini? Nimtoe kwenye bima? Nifanyeje na watoto?

Mama wa Wawili, Mtwara

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na jambo la kwanza ninaloliona ni kwamba hukuandika kutafuta ruhusa ya kudanganya. Uliisoma fomu mpaka ukafika aya ya nne, na ukakwama pale panapostahili kumkwamisha mtu anayejua maana ya kiapo.

Kwa jinsi ninavyokuelewa, mambo matatu yamekukuta kwa wakati mmoja: kiapo kuhusu ndoa yake ya zamani, neno ulilojaza siku ya kuajiriwa, na posa isiyofika Newala. Tarehe ya mwisho inayafanya yaonekane kitu kimoja chenye jibu moja. Mimi naona kila moja lina dawa yake, na siyo yote yanayotakiwa kuisha mwezi ujao.

Nianze na watoto, maana hilo ni jepesi. Mtoto kuwa tegemezi wako hakutokani na ndoa yako, kunatokana na kuwa ni mwanao. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, basi. Wape rasilimali watu vyeti vya watoto peke yake, mapema, vipokelewe kwa sahihi, visikae bahasha moja na suala la baba yao. Uangalie tu majina. Ikiwa kwenye kitambulisho cha NIDA wewe ni Mwanahawa na kwenye cheti cha mtoto umeandikwa Mwanaawa, uhakiki utakwama hapo kwa herufi moja, na marekebisho RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, hayaishi kwa siku moja.

Sasa hiyo miaka miwili. Watu mtaani husema miaka miwili, wengine husema miezi sita, kwamba ukifika hapo tayari ni mke na mume. Kilichopo ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya watambulike kuwa mke na mume, kutakuwa na dhana kwamba walioana kihalali. Ni dhana, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haizai cheti. Mara nyingi huibuka mahakamani, watu wakishaachana au mmoja akifariki. Kwa hiyo mwenzio yuko sahihi nusu. Miaka yenu minane ina uzito, lakini haijawafanya wanandoa wenye karatasi, na haifuti swali la Tandahimba.

Swali la Tandahimba naomba tukae nalo kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa wakiwa na nia njema kabisa. Mwenzio anaposema "talaka ni talaka" anasema kweli yake ya dini, na huenda mbele ya shekhe wake jambo limekwisha. Sheria ya nchi inalitazama kwa jicho jingine. Ndoa iliyofungwa Tanzania, hata ya Kiislamu, mbele ya serikali inavunjwa na mahakama. Utaratibu unaanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu. Baraza linawaita wote wawili, likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kushindwa. Hati hiyo ndiyo inayopelekwa mahakamani, na isiwe imepita miezi sita tangu itolewe. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Kwa Waislamu, talaka ambayo sheria inaipa nguvu ni ile inayotolewa baada ya baraza kushindwa. Ya kwake ilitangulia, na baraza halikuwahi kukaa.

Kwa hiyo, kwa maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba kisheria ndoa ile bado ipo. Na ikiwa ipo, aya ya nne si kweli, hata kama ya pili na ya tatu ni kweli tupu.

Usikate tamaa hapo. Kwanza, kutengana kwa hiari miaka mitatu au zaidi ni moja ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, nao wametengana miaka mingi zaidi ya hiyo. Shauri la namna hii, yule mama akifika na asipopinga, halina sababu ya kuwa vita. Pili, ndoa ile ilikuwa ya Kiislamu, na sheria huichukulia ndoa hiyo kuwa inaruhusu wake zaidi ya mmoja. Ingekuwa ya kanisani, ya mke mmoja, asingeweza kuoa kabisa kabla ya mahakama kuivunja, na hata dhana ya kifungu cha 160 ingekuwa imefungiwa mlango. Kwenu mlango haujafungwa.

Lakini tazama huo mlango unaingia wapi. Mkienda kufunga ndoa leo, mnatoa taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla, na taarifa hiyo inaeleza hali ya ndoa ya kila mmoja. Kama hana hukumu ya talaka, ukweli wa kuandika ni kwamba ana mke, na yule mama ana haki ya kuweka pingamizi. Wewe ungeingia kwenye daftari kama mke wa pili. Je, hilo unaliweza? Simaanishi ni jambo la aibu, wapo wanaoliishi kwa heshima zao. Nauliza kwa sababu katika barua yako umesema mengi kuhusu cheti, lakini hukusema unataka kuingia kwenye ndoa hiyo ukiwa nani. Jibu lako hapo ndilo litakaloonyesha kama mwanzo wa safari ni bomani au ni baraza la usuluhishi.

Turudi kwenye kiapo chenyewe. Mkiamua kukitumia, mjue kinavyofanya kazi. Anayeapa anaapia anachokijua mwenyewe. Wewe huwezi kuapa kuhusu talaka ya Tandahimba, hukuwepo. Kama fomu imewaweka wote wawili kwenye karatasi moja, mna haki ya kuuliza kama kila mmoja anaweza kuapa ya kwake, na kama aya ya nne inaweza kubadilishwa ieleze hali halisi: kwamba alifunga ndoa ya Kiislamu mwaka fulani, wakatengana mwaka fulani, talaka ilitolewa mbele ya wazee, shauri la mahakamani halijafanyika. Wakili anaweza kuiandika hivyo kwa mistari michache. Bima inaweza kumkataa baada ya kusoma hayo, na hiyo ndiyo hatari ya njia hii. Faida yake ni kwamba hakuna atakayekuja baadaye kukuonyesha sahihi yako chini ya uongo, kwa sababu kuapa uongo ni kosa la jinai, na shauri la kazi huja juu yake.

Viapo vingi hurudishwa kwa vitu vidogo. Watu husaini nyumbani, halafu mmoja anapeleka karatasi zote kupigwa muhuri. Haifai. Anayeapa anasaini mbele ya huyo anayemwapisha, akiwa na kitambulisho. Sehemu ya mwisho, chini ya sahihi, lazima ionyeshe kiapo kimeapwa wapi na tarehe ngapi. Ikiachwa wazi, kiapo kina kasoro hata kama muhuri umekolea wino. Na tarehe mliyoanza kuishi pamoja iwe moja kila mahali. Ukiandika 2018 kwenye kiapo, barua ya mtaa ikasema 2020 na mkataba wa nyumba ukasema 2019, mhakiki hatajua kwamba mlihama nyumba. Ataona watu watatu wanasema mambo matatu.

Barua ya mtaa nayo ina mtego wake. Mwenyekiti aliyeingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 hawezi kushuhudia miaka yenu yote, na mtendaji ni mwajiriwa anayehamishwa. Mwombe aandike anachokijua na aseme anakijua tangu lini. Miaka ya nyuma itabebwa na vitu vingine: vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina yenu wote wawili, kadi za kliniki za ujauzito, mikataba ya nyumba, fomu za kuandikisha mtoto shule, na jirani au mwenye nyumba wa zamani aliye tayari kutoa maelezo yake. Cheti cha mtoto cha mwaka 2019 chenye jina la baba kina nguvu kuliko barua tatu zilizoandikwa wiki hii.

Kabla hamjasaini, kuna jambo linalohusu kiwanja cha Mangamba. Kiapo kwamba mnaishi kama mke na mume hakibaki kwenye faili la bima tu. Siku moja kinaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi wa dhana ya ndoa, na wewe au yeye mkakitumia kudai sehemu ya mali, au mmoja wenu akakitumia kwenye mirathi. Kiwanja kilicho kwa jina lako kinachukuliwa kuwa chako mpaka ithibitike vinginevyo, lakini mahakama hutazama pia mchango wa kila mmoja, wa fedha na wa kazi. Kama yeye ndiye aliyesimamia ujenzi au kulipa mafundi, hilo lina hesabu. Sisemi hili likutishe. Kiapo hichohicho kinaweza kukulinda wewe na wanao yeye akitangulia. Nataka tu usaini ukijua unasaini nini, na utunze risiti na karatasi za mkopo wako.

Cheti cha kutengenezwa, mwanangu, kitazame kwa macho makavu. Cheti halali cha ndoa kina namba, na kina nakala inayobaki kwa msajili na nyingine inayopelekwa RITA. Cha kununua hakina ndugu zake huko. Bima inaweza kuuliza leo, au isiulize mpaka siku ana kitanda hospitalini na bili kubwa iko mezani. Hapo unakuwa umepoteza matibabu, umepoteza kazi inayowalisha wote, na kesi ya kughushi inakusubiri polisi. Na hata kisipogundulika, utakuwa umejitengenezea ndoa yenye tarehe ya uongo, wakati miaka yenu minane ni ya kweli.

Lile neno "nimeolewa" ulilojaza siku ya kuajiriwa, nakuuliza: wakati ule ulikuwa unawadanganya, au ulikuwa unaandika maisha yako kama ulivyoyaona? Watu wengi wanaoishi kinyumba hujaza hivyo, na fomu nyingi hazina kisanduku cha hali yao. Hiyo haifuti kosa, lakini inabadilisha namna ya kulieleza. Mtu anayejipeleka mwenyewe kurekebisha taarifa zake kabla uhakiki haujafungwa, kwa barua fupi yenye tarehe, anasimama tofauti na anayekamatwa. Hatari ipo: wanaweza kumwondoa mwenzio mara moja, na wanaweza kuuliza kuhusu malipo ya nyuma. Hata hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujiamulia. Anahitaji sheria, makubaliano ya maandishi, au amri ya mahakama au ya mwamuzi wa migogoro ya kazi. Wala kuachishwa kazi hakuji bila sababu halali na utaratibu wa kukusikiliza. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, zungumza na mwakilishi kabla ya kuandika barua. Huna fedha za wakili, wapo wasaidizi wa kisheria wa wilaya, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa itakuelekeza kwao.

Ukiogopa maneno ya ofisini, uliza nani anasoma hati hizi na zinatunzwa wapi. Una haki ya kuuliza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mwajiri anawajibika kwa siri za watu alizozikusanya.

Uliza pia kama wanaruhusu muda wa nyongeza kwa mtu mwenye shauri lililofunguliwa. Namba ya shauri mahakamani, au hata wito wa baraza la usuluhishi, ni karatasi ya kuonyesha kwamba jambo linashughulikiwa. Baadhi ya mifuko hukubali, mingine hukata jina na kusubiri dirisha lijalo la usajili. Na ulizia bima anayoweza kujilipia yeye mwenyewe, kwenye ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapo Mtwara. Uliza hasa ni lini kadi mpya inaanza kufanya kazi na kama kisukari na presha vinahudumiwa tangu siku ya kwanza, maana hapo ndipo wengi huumia.

Nimebakiza la moyoni. Unaogopa atakubali kuoa kwa ajili ya dawa. Naelewa. Lakini mtu anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, na miaka minane ya kulea watoto pamoja nayo ni sababu. Umeniambia anachosema kuhusu sheria na talaka. Hukuniambia kama umewahi kumuuliza, bila bima kutajwa, kwa nini hajafika Newala. Huenda ni mahari. Huenda anaona haya mbele ya mjomba wako kwa kuchelewa kiasi hiki. Huenda hataki kufungua tena habari ya Tandahimba. Huenda ni lile unaloliogopa. Kila moja kati ya hayo lina mazungumzo yake, na kwa watu wa Newala mshenga mzuri aliyetumwa kwa mjomba kabla ya barua hupunguza makali mengi.

Kama inawezekana, yatenganisheni mazungumzo. Siku moja kaeni na fomu, msome aya ya nne kwa sauti, na umuulize yeye, siyo wewe, kama anaweza kuapa hivyo akiwa ameshika Kurani. Siku nyingine zungumzeni posa. Mkiyachanganya, kila akisema ndiyo utasikia dawa, na kila akisita utasikia hapana.

Na lolote mtakaloamua, asingoje tarehe ya mwisho. Aende kliniki yake wiki hii kadi ikiwa bado hai, aombe dawa za muda mrefu kadiri daktari atakavyoruhusu, na apate maandishi ya vipimo vyake vya karibuni, majina ya dawa na vipimo vya dozi. Kadi ikizimwa, hospitali au duka lolote la dawa litakalompokea litahitaji hayo.

Shangazi